Nahodha Mmoja wa Dawa za Mzee

Ninapoulizwa kuhusu mzee aliyeanza kusahau, huwa naomba kwanza niletewe dawa zote zilizomo nyumbani: za hospitali na za dukani, zilizobaki nusu na zisizofunguliwa. Binti mmoja wa upande wa Msambweni aliniletea za mamake ndani ya kikapu cha ukili, tukazimwaga mezani. Kulikuwa na dawa ya presha na ya sukari kutoka kliniki, Brufen ya magoti, Piriton ya mafua, na amitriptilini ya ganzi ya miguu. Kisha kulikuwa na maboksi mawili ya dawa ya usahaulifu. La kwanza limeandikwa Aricept, limeletwa na kijana wake anayefanya kazi Ulaya. La pili limeandikwa donepezili, limenunuliwa Mombasa kwa cheti cha daktari. Bibi alikuwa akimeza kutoka maboksi yote mawili, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu aliyejua kwamba hiyo ni dawa moja yenye majina mawili. Alikuwa hali chakula, anatapika, na alikwisha kuanguka mara mbili akienda msalani usiku.

Hapo hapana aliyekuwa na nia mbaya. Kijana alimpenda mamake, binti alimpenda mamake, na mjukuu aliyekuwa akimpa vidonge kabla ya kwenda shule alifanya alivyoagizwa. Lakini manahodha wengi, chombo huenda mrama. Jambo ninalotaka kila nyumba ya Kwale ilishike ni hili: dawa za mtu anayesahau haziwezi kuachwa mikononi mwake, wala haziwezi kuwa za kila mtu. Lazima ziwe na nahodha mmoja.

Kabla ya dawa, jueni ugonjwa

Dimenshia si uzee wa kawaida. Mzee yeyote anaweza kusahau alikoweka miwani. Mwenye dimenshia anaweza kuishika miwani mkononi asijue ni ya nini, au akapotea kwenye njia ya msikitini aliyoipita miaka 40. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Aina iliyo nyingi zaidi ni Alzheimer. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hiyo ni jamaa wa karibu wa presha na sukari.

Hapa Pwani ya Kenya kuna sababu nyingine ya kuujua ugonjwa huu. Kilifi, na huku Kwale pia, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mzee anayetoka nje usiku wa manane, anayezungumza na marehemu, au anayesimama uani kwa jirani asijue alifikaje, ni mgonjwa. Asipotambuliwa kuwa ni mgonjwa, maisha yake yamo hatarini.

Tena si kila anayechanganyikiwa ana dimenshia. Dimenshia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa Jumatatu na Jumatano hawatambui wanawe ana dharura: huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, au dawa mpya aliyoanzishwa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hata usahaulifu wa polepole hupimwa kwanza. Tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, kaswende, virusi vya ukimwi na huzuni ya muda mrefu vyote huweza kufanana na dimenshia, na vyote vina matibabu yake.

Dawa zinafanya nini

Tuseme wazi: hakuna kidonge kinachoponya dimenshia. Donepezili, rivastigimini na galantamini hufanya kazi kwa njia moja. Ubongo hupashana habari kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na katika Alzheimer kemikali hiyo hupungua. Ni kama kibatari ambacho mafuta yake yanakwisha huku yakivuja. Dawa hizi haziongezi mafuta. Zinapunguza yanayovuja, taa ikae kidogo zaidi. Memantini hupita njia nyingine, na kwa kawaida hutolewa ugonjwa ukiwa umesonga mbele. Kwa baadhi ya wagonjwa utaona nafuu: mazungumzo yanaendelea, nguo anavaa mwenyewe kwa miezi zaidi. Kwa wengine hutaona kitu. Kwa hiyo baada ya miezi mitatu hadi sita daktari anapaswa kumtazama mgonjwa upya aamue kama dawa iendelee.

Iwapo dimenshia imetokana na mishipa ya damu, kidonge chenye maana kubwa kuliko vyote huenda ni kile kile cha presha ambacho mzee amechoka kukimeza. Kisiachwe kwa sababu dawa mpya imefika.

Asetilikolini hufanya kazi pia tumboni, moyoni na kwenye mapafu, na hapo ndipo madhara ya donepezili na wenzake yanapotoka. Tumboni huleta kichefuchefu, kuharisha na kukosa hamu ya kula. Moyoni hupunguza mapigo, na mzee anayetumia pia atenololi au dawa nyingine ya kutuliza moyo anaweza kuzimia. Mwenye pumu kifua kinaweza kumbana. Kwa sababu hii dozi huanza ndogo. Donepezili huanza na miligramu 5 kwa siku, na haipandishwi hadi 10 kabla ya wiki nne hadi sita kupita, tena kwa uamuzi wa daktari. Bibi wa kikapu alikuwa amerukishwa hatua zote hizo kwa kumeza maboksi mawili.

Dawa zinazopigana

Sasa tuirudie ile meza. Piriton na amitriptilini zote mbili huzuia asetilikolini. Yaani mkono mmoja unaziba mafuta ya kibatari yasivuje, na mwingine unayamwaga. Prometazini, inayonunuliwa kwa ajili ya kichefuchefu au usingizi, iko kundi hilo hilo, na Artane pia. Kwa kijana, Piriton ni usingizi wa mchana tu. Kwa mzee mwenye dimenshia inaweza kuwa kuchanganyikiwa, kufunga choo, mkojo kuziba na kuanguka. Brufen na diklofenaki nazo, zikikutana na donepezili, huongeza hatari ya vidonda na kutokwa damu tumboni. Kwa maumivu ya magoti, parasetamoli kwa kipimo sahihi kwa kawaida ndiyo salama zaidi ya kuanzia.

Dawa za miti shamba nazo ni dawa. Mnanaha, ambao moshi wa majani yake umetumika katika tiba za kienyeji kutuliza pumu, una atropini, nayo huvuruga akili ya mzee upesi sana. Kama mzee amepelekwa kwa mganga, mwambieni daktari bila kuona haya. Daktari anayejua atawapangia. Asiyeambiwa ataongeza dawa juu ya dawa.

Dawa za kutuliza

Familia nyingi hufika na ombi moja: tupeni dawa alale, hatupumziki. Ninawaelewa. Anayemwangalia mzee asiyelala naye anaugua. Lakini haloperidoli, klopromazini na wenzao ni dawa za kuogopwa kwa mzee mwenye dimenshia. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilichambua majaribio 17 ya dawa za kutuliza za kizazi kipya, yaliyochukua takriban wiki 10. Walifariki wazee kama 45 kati ya kila 1,000 waliopewa dawa hizo, dhidi ya 26 kati ya 1,000 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi kwa dawa za zamani kama haloperidoli. Kuna aina ya dimenshia, ile ya Lewy, ambayo mgonjwa akipewa dawa hizi anaweza kukakamaa mwili mzima. Diazepamu nayo huzidisha usahaulifu na kuangusha watu.

Basi anayepiga kelele magharibi ikiingia, mtafutieni kwanza kinachomsumbua. Je, ana kiu? Amefunga choo siku tatu? Jino linamuuma? Taa imezimwa mapema naye anaogopa vivuli? Mara nyingi jibu limo hapo. Daktari akiona kuna hatari ya kweli kwa mgonjwa au kwa wengine, anaweza kuandika dozi ndogo kabisa kwa muda mfupi. Mwulizeni lini itasimamishwa. Mwongozo wa Uingereza unataka dawa hizi ziangaliwe upya angalau kila wiki sita. Dawa ya kutuliza isiyo na tarehe ya mwisho isitoke nanyi hospitalini.

Kazi za nahodha

Chagueni mtu mmoja anayelala nyumba moja na mzee, na wa pili wa kumshikia zamu. Mwenye pesa si lazima awe ndiye nahodha, na mtoto wa shule hafai kubebeshwa mzigo huu.

Nahodha awe na daftari. Aandike kila dawa: jina lililo chini ya jina la kibiashara, kipimo, saa, na sababu ya kuitumia. Daftari liende kliniki kila mara, na kila dawa iletwayo na jamaa kutoka Mombasa, Ghuba au Ulaya ilinganishwe nalo kabla ya kufunguliwa. Boksi likiwa na maandishi ya Kijerumani au Kiarabu, mpelekeeni mfamasia alisome. Kwa sheria dawa za usahaulifu ni za cheti cha daktari. Nunueni kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Bodi hiyo pia hupokea taarifa za madhara ya dawa, na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuripoti.

Akimpa mzee dawa, asubiri aione imemezwa. Mwenye dimenshia huweza kuificha shavuni, na huweza kusema kwa moyo safi kwamba amekwisha kunywa. Akikataa, msigombane, jaribuni tena baada ya nusu saa. Msiponde kidonge wala kufungua kapsuli ndani ya uji kabla ya kumwuliza mfamasia, maana zipo zilizotengenezwa ziyeyuke polepole na zikipondwa dozi ya siku nzima hushuka kwa mkupuo. Dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kumeza mbili. Rivastigimini ikikatika kwa zaidi ya siku tatu, msiirudie kwa kipimo cha zamani: mwoneni daktari, maana huanzwa upya kutoka chini. Anayetumia kibandiko cha ngozi, cha jana kitolewe kabla ya cha leo kubandikwa, na mahali pabadilishwe kila siku. Kuna watu waliofariki kwa kubandikwa viwili vitatu kwa pamoja.

Joto letu nalo ni adui. Chini ya mabati mchana wa Februari, au kwenye rafu juu ya jiko, dawa huharibika. Boksi likisema chini ya nyuzi 30, tafuteni chumba chenye ubaridi, mzitie kwenye mkebe wenye kifuniko, mahali ambapo mzee na watoto hawafiki.

Ramadhani ikikaribia, pangeni mapema. Donepezili ni mara moja kwa siku, hivyo hukaa vizuri usiku baada ya futari. Kapsuli za rivastigimini hutaka chakula, nazo huingia futari na daku. Kuhusu vibandiko, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba dawa inayopenya ngozini haibatilishi saumu. Wasiwasi mkubwa uko kwa dawa za sukari. Mzee anayemeza dawa ya sukari, asiyekumbuka kama alikula daku, anaweza kushukiwa na sukari hadi kupoteza fahamu. Dini imewapa wagonjwa ruhusa. Nendeni kwa daktari na kwa sheikh wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Dalili za kukimbilia hospitali ni hizi: kuzimia, mapigo ya moyo kuwa ya polepole sana, kutapika kusikokoma, choo cheusi kama lami, kifua kubana, mwili kukakamaa, au usingizi usioamshika. Msingoje asubuhi. Kwa walio upande wa Msambweni, Hospitali ya Rufaa ya Msambweni iko karibu kuliko kivuko cha Likoni cha kwendea Mombasa. Kwa siku za kawaida, mhudumu wa afya wa mtaani anaweza kumpima mzee presha na sukari nyumbani. Tangu 2023 wahudumu zaidi ya 100,000 nchini wamepewa vifaa vya kazi hiyo.

Yule binti alirudi na mamake kwa daktari aliyeandika cheti, na daftari mkononi. Boksi moja likaondolewa, Piriton ikaondolewa, dawa ya ganzi ikabadilishwa. Alipokuja tena kwangu baada ya mwezi, kikapu kilikuwa chepesi. Mamake bado humwita kwa jina la dadake marehemu. Lakini anakula samaki wake wa nazi hadi sahani iishe, na usiku huamka akaenda msalani kwa miguu yake bila kuanguka.