Nasaba za Kifua Kikuu Katika Mitaa ya Temeke

Kifua kikuu husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium tuberculosis, ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, miaka 15 kabla ya Koch mwenyewe kufika Dar es Salaam kwa utafiti wa malaria, na ambaye hadi leo yumo miongoni mwa vimelea vinavyoua binadamu wengi zaidi duniani. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu, na ndani ya Tanzania mkoa wa Dar es Salaam, uliohesabiwa kuwa na wakazi 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, ndio unaoandikisha wagonjwa wengi zaidi. Kwa muda mrefu tofauti kati ya mgonjwa na mgonjwa zilielezwa kwa lishe, umri, maambukizi ya VVU na msongamano wa makazi, huku bakteria mwenyewe akichukuliwa kuwa yuleyule kila mahali. Utafiti uliofanywa Temeke, mojawapo ya wilaya za Dar es Salaam, katika miaka ya karibuni unadai maelezo hayo yapanuliwe, kwa kuwa bakteria wanaopatikana katika makohozi ya wakazi wa wilaya hiyo ni wa nasaba mbalimbali, waliingia nchini kwa nyakati tofauti, na kila nasaba ina mwendo wake wa kuenea.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2023 katika jarida la PLOS Pathogens na wanasayansi wa Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na wenzao wa Taasisi ya Uswisi ya Tiba ya Kitropiki na Afya ya Umma ya Basel. Wagonjwa waliandikishwa Temeke kwa kipindi cha takribani miaka 6, makohozi yao yakaoteshwa maabara hadi bakteria wakapatikana kwa wingi wa kutosha, kisha jenomu za bakteria hao zikasomwa. Jenomu ni jumla ya vinasaba vyote vya kiumbe, yaani maandishi ya kikemikali ya DNA yanayokiongoza kuishi na kuzaana, na zilizosomwa Temeke zilikuwa 1,082, kila moja kutoka kwa mgonjwa wake. Idadi hiyo, iliyokusanywa katika eneo moja la jiji moja, ni hazina ambayo miji michache ya Afrika inayo, na thamani yake inaongezwa na ukweli kwamba kila jenomu iliambatana na taarifa za kitabibu za mtu aliyeibeba.

Namna jenomu inavyotoa habari za ukoo na safari inatokana na tabia ya bakteria huyu. Jenomu yake ina takribani herufi milioni 4.4 za DNA, na kila anapojigawa nakala mpya inaweza kuwa na herufi moja iliyobadilika kwa bahati, badiliko linaloitwa mutesheni. Bakteria wengi, wakiwamo wa kipindupindu, hupeana vipande vya DNA hata na bakteria wasio wa ukoo wao, hivyo historia yao huchanganyika na kuwa vigumu kufuatilia. Bakteria wa kifua kikuu hupokea vinasaba kutoka kwa mzazi wake pekee, hujigawa polepole mno, takribani mara moja kwa siku, na hupata mutesheni moja hivi kwa kila miaka 2 au zaidi kidogo. Kutokana na hali hiyo, wagonjwa wawili ambao bakteria wao wanatofautiana kwa herufi zisizozidi 5 huhesabiwa kuwa katika mnyororo wa maambukizi ya karibuni, ilhali tofauti za mamia ya herufi huashiria kwamba njia za bakteria hao ziliachana karne nyingi zilizopita. Kwa kuzilinganisha jenomu za Temeke na nyingine kutoka pande zote za dunia, watafiti waliweza kuchora mti wa nasaba, kisha wakakadiria ni tawi gani liliingia Tanzania kutoka wapi na katika kipindi kipi.

Matokeo ya ulinganisho huo yanashangaza. Sehemu kubwa ya kifua kikuu cha Dar es Salaam inatokana na nasaba zilizoingia nchini kutoka sehemu mbalimbali za dunia ndani ya miaka 300 iliyopita, na zilizoingia mara nyingi, kila moja kwa wakati wake. Nasaba iliyotawala kuliko zote ni ile inayopewa alama ya L3.1.1, ambayo asili yake ni Asia Kusini, na ambayo katika mfumo wa zamani wa uainishaji ilikwishapewa jina la Kilimanjaro. Pamoja nayo ziko nasaba za makundi makubwa ya L1, L2 na L4, kwa hiyo mgonjwa wa Mbagala, Temeke, na jirani yake wa nyumba ya pili wanaweza kuwa wamebeba bakteria ambao mababu zao walikuwa mabara tofauti.

Hapa inafaa kutua, kwa sababu matokeo kama haya hupotoshwa kirahisi na mtu anayetafuta wa kulaumiwa. Bakteria hana uraia, na ushahidi mwingi wa kijenetiki unaelekeza kwamba kundi zima la vimelea hivi lilianzia Afrika. Nasaba ya L7 hupatikana Ethiopia na pembe ya Afrika, na mwaka 2020 ilitangazwa nasaba ya L8, iliyogunduliwa kwa wagonjwa wa Rwanda na Uganda, ambayo imechipuka karibu kabisa na shina la mti wote. Umri wa shina hilo bado unabishaniwa, kwani makadirio mengine yanafikia miaka 70,000 na mengine hayafiki 6,000, lakini mwelekeo wa safari hauna utata mkubwa: bakteria walitoka barani pamoja na binadamu, wakabadilika huko walikokwenda, kisha baadhi ya vizazi vyao vikarejea. Watafiti wa Temeke wenyewe wanauita ujio huo marejeo ya Afrika.

Swali linalobaki ni kwa nini marejeo yaliyofanikiwa ni ya miaka 300 tu, wakati pepo za kaskazi na kusi zimekuwa zikileta na kurudisha vyombo vya Gujarat, Uarabuni na Uajemi tangu enzi za Kilwa. Jibu lenye mashiko ni kwamba kufika hakutoshi. Kimelea kinachoenea polepole kinahitaji watu wengi wanaoishi kwa kukaribiana na wageni wasiokoma kuingia, na hali hiyo ilijengeka kwa nguvu katika karne ya 19, pale mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, misafara ya pembe za ndovu na biashara katili ya utumwa vilipokusanya watu kwa maelfu, pale Sultani Majid bin Said alipoanza kujenga mji wake wa Dar es Salaam kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, na baadaye pale reli ya kati, iliyoanzwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipounganisha bandari na bara. Jenomu haiwezi kutaja jahazi wala abiria, lakini makadirio yake yanakubaliana vizuri na historia hiyo.

Sehemu nzito zaidi ya utafiti inahusu sababu ya L3.1.1 kuwa nyingi kuliko nasaba nyingine. Dhana ya kwanza inayomjia mtu ni kwamba nasaba inayotawala lazima iwe kali zaidi, yaani inayodhoofisha mwili haraka au kujaza mapafu bakteria wengi. Data za Temeke hazikuunga mkono dhana hiyo, kwani ukali wa ugonjwa na wingi wa bakteria kwa wagonjwa haukutofautiana baina ya nasaba kuu. Tofauti ilionekana katika mambo mawili yanayounda uenezi: kasi ya kuambukiza, ambayo ni idadi ya watu wanaoambukizwa katika kila kipindi cha muda, na urefu wa kipindi ambacho mgonjwa anaendelea kuambukiza. Mambo hayo mawili yakizidishwa hutoa namba ya uzalishaji, yaani wastani wa watu wapya ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza hadi atakapopona au kufariki, na namba hiyo ilikaribiana kwa nasaba zote kuu.

Mfano wa wenye genge wawili unaweza kusaidia. Mmoja huuza nyanya nyingi kwa saa lakini hufunga mapema, mwingine huuza chache kwa saa na kukaa hadi usiku, na jioni ya siku wote wawili wamepata karibu fedha ileile, ila yule wa kwanza amepata faida mapema na anaweza kuirudisha sokoni kununua mzigo mwingine. Ndivyo ilivyo kwa nasaba yenye kasi kubwa na kipindi kifupi: vizazi vyake vya maambukizi hufuatana haraka, na endapo namba ya uzalishaji inazidi 1 hata kwa sehemu ndogo, baada ya miongo mingi itakuwa na wagonjwa wengi kuliko nasaba yenye vizazi virefu. L3.1.1 ilikuwa na kasi hiyo, na zaidi ya hapo iliingia mapema, hivyo ikapata muda mrefu wa kujizidisha. Hata hivyo, kukaa muda mrefu na wenyeji hakukuiongezea kila nasaba kasi ya kuambukiza, jambo linaloonyesha kwamba kila moja imejijengea mtindo wake wa maisha kwa njia ya mageuzi.

Maarifa haya yana uzito katika tiba. Nasaba inayoambukiza haraka huwa imekwishawafikia watu wa nyumbani na kazini kabla mgonjwa hajaenda kituo cha afya, kwa hiyo dhidi yake kinachosaidia zaidi ni kuwafuatilia watu hao mara moja, kuwapima na kuwapa dawa za kinga wanaostahili. Nasaba inayoambukiza polepole kwa muda mrefu, kwa upande wake, huathiriwa zaidi na kampeni za kuwatafuta mitaani wanaokohoa kwa wiki nyingi bila kupimwa. Jiji lenye nasaba za aina zote mbili linahitaji mikakati yote miwili, na kuitekeleza nusu nusu ni kuliachia tawi moja la ugonjwa lisonge mbele.

Hewa nayo haiwezi kusahauliwa. Watafiti wa Ifakara waliwahi kupima kiasi cha hewa ya ukaa katika maeneo ya umma ya Dar es Salaam, kwa kuwa hewa hiyo hutoka katika pumzi na wingi wake unaonyesha ni kiasi gani cha hewa mtu anachovuta kilichokwisha kupita katika mapafu ya wengine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha hatari kubwa zaidi magerezani na katika usafiri wa umma, na hatari ndogo kabisa katika kumbi za kijamii. Daladala iliyofungwa madirisha kwa hofu ya mvua au vumbi ni mahali pa maambukizi kwa anayepanda kila siku, na kwa dereva na kondakta wanaoshinda humo.

Mageuzi ya bakteria huonekana pia katika usugu wa dawa. Takribani bakteria 1 kati ya milioni 100 hubeba kwa bahati mutesheni inayomkinga na rifampisini, na kwa isoniazidi ni 1 kati ya milioni 1, ilhali pango moja katika pafu laweza kuwa na bakteria milioni 100 au zaidi. Dawa moja ikitumiwa peke yake itawaacha hai wachache hao, nao watazaana, ndiyo maana tiba huanza kwa dawa nne kwa miezi 2 na kuendelea na mbili kwa miezi 4. Utaratibu wa Tanzania wa kusimamia dozi, uliojengwa na Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma tangu mwaka 1977 kwa ushauri wa mtaalamu wa kifua kikuu Karel Styblo, ulikuja kuwa kielelezo cha mkakati wa dunia nzima, na umechangia kuufanya usugu nchini ubaki mdogo ukilinganishwa na nchi za uliokuwa Umoja wa Kisovieti.

Mafanikio hayo yanahitaji kulindwa kwa kuangalia nasaba zinazoingia sasa. Kundi la L2, ambalo asili yake ni Asia Mashariki na ambalo katika nchi kadhaa limehusishwa na usugu, limo pia Temeke. Sampuli za wilaya moja haziwezi kuonyesha kama sehemu yake inakua Kinondoni au Ilala, kwa hiyo makohozi ya wagonjwa wa hospitali za Mwananyamala na Amana yanapaswa kusomwa jenomu kwa ratiba ileile ya kila mwaka, katika maabara za humu nchini, na majibu kurudishwa kwa waganga wa wilaya ndani ya majuma ambayo ndugu na wafanyakazi wenza wa mgonjwa bado wanaweza kufikiwa.