Kwikwi baada ya upasuaji: lini ni kawaida, lini umwite daktari?

Ndugu yako ametoka chumba cha upasuaji salama. Amezinduka, anaongea, anakutambua. Halafu kwikwi inaanza na haikatiki. Kila inapomshtua, anashika mshono kwa maumivu.

Hapo wodini kila mtu ana ushauri wake: mpe maji, alambe sukari, mshtue. Subiri kwanza.

Kwikwi inatoka wapi?

Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaoitwa kiwambo, ndio unaovuta hewa. Ukijikaza ghafla, hewa inaingia kwa kasi na koo linajifunga. Ule mlio ndio kwikwi. Chochote kinachosumbua mishipa ya fahamu ya kiwambo kinaweza kuianzisha.

Kwa nini baada ya upasuaji?

Sababu ni nyingi:

- Tumbo kujaa hewa
- Mpira wa kupumulia uliopita kooni
- Baadhi ya dawa za usingizi na za maumivu, pamoja na deksamethasoni
- Gesi inayotumika kwenye upasuaji wa matundu madogo
- Chumvi za mwilini, kama sodiamu, kushuka

Mara nyingi huisha yenyewe ndani ya muda mfupi.

Kumbuka saa 48

Ikivuka saa 48, madaktari wanaihesabu kuwa ni kwikwi ya kudumu na inabidi itafutwe chanzo. Huenda utumbo umegoma kufanya kazi, au usaha umejikusanya chini ya kiwambo baada ya upasuaji wa tumbo. Hata kama chanzo ni kidogo, mgonjwa hali, halali, na mshono unavutwa kila dakika.

Usisubiri hata hizo saa 48 ukiona homa, kutapika, tumbo kuvimba, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au mwili kulegea upande mmoja. Mwite nesi hapo hapo.

Maji yanaweza kumdhuru

Nyumbani glasi ya maji husaidia. Kwa mgonjwa ambaye bado hajaruhusiwa kunywa, ni hatari: anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Uliza kwanza.

Hospitali watafanya nini?

Daktari atakagua dawa anazotumia, atapima damu, na pengine atapitisha mpira puani kutoa hewa na maji tumboni. Kuna dawa pia, kama klopromazini, metoklopramidi na baklofeni. Usizinunue mwenyewe duka la dawa. Klopromazini, kwa mfano, inaweza kushusha presha na kuleta usingizi mzito.

Kabla ya kupanda boti

Wengi wanaotibiwa Bugando au Sekou Toure hapa Mwanza wanatoka mbali: Ukerewe, Sengerema, Geita. Mgonjwa anaporuhusiwa, hamu ya kufika nyumbani ni kubwa na kwikwi inaonekana jambo dogo la kumsumbulia daktari.

Mwambie hata hivyo, kabla hamjaondoka. Mwambie ilianza lini, inakuja mara ngapi, na kama inamzuia kula au kulala. Ukiwa kisiwani usiku, boti ya kurudi mjini si ya kupata muda wowote.

Na ikianza mkiwa mmeshafika nyumbani, msingoje tarehe ya kliniki. Nendeni kituo cha afya cha karibu na karatasi zote za hospitali, ili wajue alifanyiwa upasuaji gani na anatumia dawa zipi.