Ujuzi wa Kuandaa Sherehe Watambuliwa kwa Cheti

Harusi na mahafali wilayani Kakonko huandaliwa na watu ambao wengi wao walijifunza kazi kwa kutazama wenzao: wapishi, wahudumu, wapambaji na washereheshaji. Mpishi anaweza kusifiwa kata nzima, lakini taasisi inapotaka cheti hukosa cha kuonyesha.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na upishi na uhudumu wa chakula ni miongoni mwa fani zinazohusika. Mwombaji haanzi upya. Hupimwa kwa mahojiano na kwa vitendo, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hutunukiwa cheti. Kwa aliyepika miaka kumi, hiyo ni haki, si hisani. Mshereheshaji, kwa upande wake, huhitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA).

Masufuria, viti na maturubai ni suala jingine, tena ghali. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo usio na riba, utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Maelezo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.