Karakana ya Magogo Nyuma ya Nyumba

Mwaka 1903, mjini Milwaukee nchini Marekani, William Harley na Arthur Davidson walikuwa wakiunda pikipiki zao za mwanzo ndani ya kibanda cha mbao nyuma ya nyumba ya kina Davidson. Kibanda kilikuwa na futi 10 kwa 15, yaani kama mita 3 kwa mita 4 na nusu, na mlangoni liliandikwa jina la kampuni ambayo wakati huo haikuwa na kiwanda kingine. Miongo mingi baadaye, Mwingereza Trevor Baylis alitazama kipindi cha televisheni kuhusu kuenea kwa UKIMWI barani Afrika. Akabuni redio ya kuzungusha kwa mkono, isiyohitaji betri wala umeme wa ukutani, katika karakana iliyokuwa nyumbani kwake kwenye kisiwa cha Eel Pie, mto Thames. Redio hizo zilikuja kutengenezwa Cape Town.

Si kila anayejenga karakana nyuma ya nyumba ana mipango mikubwa hivyo. Wengi wanataka tu pahali pa kuweka jiliwa, randa na msumeno bila kulalamikiwa kwamba vumbi la mbao limeingia kwenye mchele. Huko Uingereza, ambako nyumba nyingi zina bustani nyembamba iliyozungushiwa uzio, jibu la watu wengi siku hizi ni kibanda cha magogo kinachofika kwa lori kikiwa vipande vipande, na mwenye nyumba akakisimamisha na rafiki zake mwisho wa juma.

Kinachouzwa kwa jina hilo, hata hivyo, hakina gogo hata moja. Ni mbao zilizopigwa randa, kwa kawaida za sprusi, mti wa jamii ya msonobari unaokua polepole kwenye baridi ya Skandinavia na nchi za Baltiki. Kila ubao una ulimi upande wa juu na mfereji upande wa chini, na karibu na ncha zake umechongwa mikato ili mbao za kuta mbili zipandane na kuumana kwenye pembe. Ndani ya ukuta hamna nguzo, wala hakuna msumari unaoshika ubao mmoja na mwenzake. Uzito wa mbao zenyewe, pamoja na paa, ndio unaozikalisha pamoja.

Ufundi wa kuumanisha pembe ni wa kale. Kanisa la Kugeuka Sura kwa Yesu la kisiwa cha Kizhi, kaskazini mwa Urusi, lilijengwa kwa magogo mwaka 1714 na bado linasimama na kuba zake 22. Waswidi na Wafini waliofika bonde la mto Delaware kuanzia mwaka 1638 walivuka Atlantiki na ujuzi huo, na ndio wanaohesabiwa miongoni mwa waliouotesha Marekani. Tofauti ni kwamba mafundi wa zamani waliyasoma magogo yao moja baada ya jingine. Mnunuzi wa leo anapokea furushi na karatasi ya maelekezo.

Muuzaji huanza na unene. Kuna mbao za milimita 28, 34, 44, 58 na 70, na bei hupanda kwa kila hatua. Mteja anaambiwa kwamba ukuta mnene ni ukuta wa joto. Ni kweli, lakini si kweli sana. Sprusi inazuia joto kuliko tofali au zege, ila ukuta wa milimita 44 hauzuii zaidi ya bamba la polistireni lenye unene wa milimita 13 hivi. Kutoka milimita 44 kwenda 70 ni gharama kubwa kwa faida ambayo bamba jembamba la kuhami joto lingeileta kwa bei ndogo. Unene una maana yake pale mbao zinaponyooka na kuumana vizuri bila kupinda, na pale paa la mita 5 au 6 linapohitaji ukuta wa kulibeba. Kwa karakana ya kawaida, milimita 44 zinatosha. Fedha iliyobaki ina kazi chini ya sakafu na juu ya dari.

Ila kabla ya kufika huko kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulijua baada ya majira ya baridi ya kwanza: ukuta huu hupanda na kushuka.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Kwa urefu wake ubao haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, lakini kwa upana hubadilika. Sprusi huvimba au kusinyaa hadi karibu robo ya asilimia moja kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoingia au kutoka. Chukua ukuta wa mita 2.1 ulioundwa kwa mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine. Wakati wa kiangazi mbao zina unyevu wa asilimia 12 hivi, na kwenye mvua za Januari zinafika 18. Ukipiga hesabu, ukuta mzima unaweza kuongezeka kimo kwa sentimita 2 hadi 3, kisha ukashuka tena jua likirudi.

Sentimita 3 zinatosha kuharibu mengi. Fundi asiyejua atapigilia fremu ya dirisha kwenye mbao za pembeni ili isitikisike. Kiangazi kinapofika mbao za chini zinashuka, za juu zinabaki zimening'inia kwenye misumari, na katikati linafunguka pengo la kupitishia kidole. Kwa hiyo fremu huachwa ielee kwenye nafasi yake, na juu yake hubakizwa uwazi unaofichwa kwa ubao wa urembo. Vivyo hivyo kwa mwenye karakana anayetamani kujaza ukuta rafu na kulabu za patasi. Rafu iliyofungwa kwenye ubao mmoja tu haina shida. Iliyoshikishwa kwenye mbao nne kwa skrubu za kukaza itapasua ukuta au itang'oka yenyewe. Njia ya kawaida ni kusimamisha mwamba wa wima wenye matundu marefu, ili skrubu iteleze ukuta unapotembea. Meza ya kazi nayo isimame kwa miguu yake yenyewe, isiegemezwe ukutani kwa misumari.

Sasa chini. Msingi wa kibanda cha magogo unatakiwa uwe sawasawa kuliko ule wa banda la kawaida, kwa sababu mikato ya pembe haisamehe. Kona moja ikiwa chini kwa sentimita 1 na nusu, mbao za juu zitagoma kuingia, na anayezigonga kwa nyundo atavunja ndimi zake. Jamvi la zege lililopimwa kwa pimamaji, kisha likapimwa kona kwa kona ili vipimo viwili vya mshazari vilingane, huokoa siku nzima ya ugomvi. Jamvi lisitokeze nje ya kuta. Likitokeza, maji ya mvua hutua pale na kurukia ubao wa kwanza, na huo ndio wa kwanza kuoza. Wajenzi wazoefu hulaza kwanza nailoni ya kuzuia unyevu, juu yake wakaweka boriti zilizotiwa dawa kwa mgandamizo, ndipo ubao wa kwanza ukakaa.

Kwa mwenye mashine nzito, sakafu ya mbao inayokuja na furushi si ya kuaminiwa bila kuulizwa. Msumeno wa meza wa chuma cha kusubu unaweza kuzidi kilo 200, na uzito wote huo unakaa kwenye vipande vinne vidogo. Ama boriti za sakafu zisogezwe karibu karibu, ama sakafu ya mbao iachwe kabisa na mashine ikae kwenye zege.

Juu nako kuna hesabu yake. Furushi la bei nafuu lina paa la mbao nyembamba, milimita 19 hivi, lililofunikwa karatasi ya lami. Joto hupanda, na hapo ndipo linapotorokea. Kuweka mabamba ya kuhami joto juu ya mbao za paa, chini ya karatasi ya lami, kunasaidia zaidi kuliko kuongeza unene wa kuta zote nne, na ni rahisi kufanya siku ya ujenzi kuliko miaka miwili baadaye.

Joto katika karakana halihusu vidole vya fundi peke yake. Asubuhi ya baridi, hewa yenye unyevu inapogusa chuma baridi, chuma hutoka jasho. Baada ya majuma machache randa ina madoa ya kutu. Wapo wanaokimbilia majiko ya gesi ya kubebeka, wasijue kwamba kila kilo moja ya propani inayoungua humwaga hewani zaidi ya kilo moja na nusu ya maji yaliyo katika mvuke. Chumba kinapata joto, na vyombo vinapata kutu haraka kuliko awali. Kipasha joto kidogo cha umeme kinachoachwa usiku kwa moto mdogo ni bora, na umeme wenyewe unafika kwa kebo ya deraya iliyozikwa ardhini na kuunganishwa na fundi mwenye leseni. Hapo si mahali pa kubania fedha.

Ukubwa unachaguliwa kwa kutazama kazi. Bamba la plaiwudi lina milimita 1220 kwa 2440. Ili kulipasua kwa urefu kwenye msumeno wa meza, fundi anahitaji karibu mita 2 na nusu mbele ya msumeno na nyingine kama hizo nyuma yake, yaani chumba cha mita 5. Chumba cha Harley na Davidson kingemkwamisha. Suluhisho la wenye bustani ndogo ni kuelekeza msumeno mlangoni, ili ncha ya ubao itokee nje. Hapo milango miwili ya kufunguka pamoja inalipa kuliko dirisha la tatu la mapambo. Katika nchi za kaskazini, dirisha la upande wa kaskazini ndilo lenye mwanga mtulivu usiopiga kivuli kikali kwenye kazi.

Kimo ni habari nyingine, na hapa sheria inaingia. Nchini Uingereza nyumba ya kawaida inaruhusiwa kuwa na jengo dogo la bustani bila kuomba kibali cha mipango, kwa masharti. Likiwa ndani ya mita 2 kutoka mpakani, lisizidi mita 2.5 kwa kimo. Likiwa mbali zaidi, paa la miteremko miwili linaweza kufika mita 4. Majengo yote ya nyongeza yasifunike zaidi ya nusu ya ardhi inayoizunguka nyumba, na lisijengwe mbele ya nyumba. Wenye fleti na wenye nyumba za kihistoria hawamo katika ruhusa hiyo. Kwa upande wa kanuni za ujenzi, jengo lisilozidi mita 15 za mraba na lisilolaliwa na mtu kwa kawaida halihusiki. Kati ya 15 na 30, litalazimika kukaa angalau mita 1 kutoka mpakani au lijengwe kwa vitu visivyoshika moto, na kibanda cha magogo hakika si mojawapo. Ndiyo maana wauzaji wanapenda kibanda cha mita 2.49: ni kimo cha sheria, wala hakikukusudiwa kuwa kimo cha fundi. Ndani yake, bamba la plaiwudi halisimami wima karibu na ukuta.

Jirani asisahauliwe. Ukuta wa sprusi ni mwepesi, hauzidi kilo 20 kwa mita ya mraba, na sauti ya msumeno hupenya kana kwamba haupo. Anayetaka kufanya kazi usiku na kuuza meza anazotengeneza ajue kwamba ruhusa ile ni ya matumizi ya nyumbani. Biashara yenye kelele na wateja wanaoingia na kutoka inaweza kuhitaji kibali chake.

Na huku kwetu? Vibanda vya aina hii vinafaa mahali penye baridi, kama Lushoto, Mufindi au Limuru, na mbao zipo. Msitu wa Sao Hill wilayani Mufindi ndio msitu mkubwa wa kupandwa nchini Tanzania, na sehemu kubwa yake ni misonobari yenye asili ya Meksiko. Adui ni mwingine. Uingereza haina mchwa wa asili. Kundi moja lililogunduliwa Saunton, Devon, katika miaka ya 1990 lilipigwa vita na serikali kwa zaidi ya miongo miwili hadi likatangazwa kuwa limekwisha. Mchwa wa Afrika Mashariki hasubiri tangazo. Msonobari usiotiwa dawa, ukigusa udongo, hauna muda mrefu. Mtarakwa unajulikana Kenya kwa nguzo za uzio ambazo mchwa huziogopa, lakini ni mti wa misitu inayolindwa na si wa kujengea banda zima.

Kwa hiyo hapa mpango unabadilika. Mbao ziwe za kutiwa dawa kwa mgandamizo, kama nguzo za umeme zinavyotiwa, na mikato yote inayochongwa baadaye ipakwe dawa upya, maana msumeno hufungua moyo wa ubao ambako dawa haikufika. Kibanda kisilale juu ya jamvi. Kiinuliwe kwenye vijinguzo vya zege vya nusu mita, na juu ya kila kijinguzo liwekwe bati linalotokeza pande zote. Mchwa hupanda kwa kujenga njia za udongo, na akifika kwenye bati hulazimika kuizungusha njia hiyo nje, mahali ambapo mtu mwenye tochi anaweza kuiona na kuibomoa kila mwezi kabla haijafika kwenye ubao wa kwanza.