Akili bandia katika kazi za kiutawala za walimu

Akili bandia katika kazi za kiutawala za walimu ni matumizi ya programu za kompyuta zinazotunga maandishi ili kupunguza muda ambao mwalimu anautumia nje ya kufundisha. Kazi hizo ni pamoja na kuandika maandalio ya masomo, kutunga maswali ya majaribio, na kuandika barua kwa wazazi na ripoti za maendeleo ya wanafunzi.

Jaribio la Uingereza

Mnamo Desemba 2024 shirika la Education Endowment Foundation lilitoa matokeo ya jaribio lililohusisha walimu 259 wa sayansi katika shule za sekondari 68. Kundi moja lilitumia ChatGPT pamoja na mwongozo wake. Lingine halikutumia akili bandia. Kuandaa masomo ya madarasa yaliyochunguzwa kulichukua wastani wa dakika 56.2 kwa wiki katika kundi la kwanza na dakika 81.5 katika la pili, yaani pungufu kwa asilimia 31. Jopo huru lililosoma baadhi ya masomo hayo halikuona tofauti ya ubora.

Mipaka

Programu hizo huweza kuandika jambo la uongo kwa lugha inayoshawishi, na hazimjui mwanafunzi anayeandikiwa ripoti. Kwa hiyo mwalimu hulazimika kuhakiki kila andiko. Vilevile jina, alama au habari za afya za mtoto zikiingizwa katika programu ya umma, siri yake inaweza kuvuja.