Kipoyi, treni na kichwa cha mtu: namna mizigo ilisafiri wakati wa Wabelgiji

Vijana wengi leo wakisikia neno kipoyi hawajui ni kitu gani. Wazee wanajua. Kipoyi ilikuwa kiti kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu. Juu yake alikaa muzungu wa Leta, padri, ao sultani. Chini yake walikuwa wanaume wane, miti juu ya mabega, na wengine wakitembea kando ili wawapokee wakichoka. Hapo bado haujahesabu wale waliobeba masanduku, hema na chakula cha bwana.

Kwa nini mtu, si mnyama? Sababu ya kwanza ni mbung'o, ule inzi unaoleta ugonjwa wa malale. Katika sehemu nyingi za Kongo, farasi na ng'ombe wa kukokota hawakudumu. Sababu ya pili, barabara za gari hazikuwako. Basi kila kitu kilipita juu ya kichwa: pembe, mpira, chumvi, risasi, hata vipande vya mashua. Mtu mmoja alibeba karibu kilo 25 ao 30.

Misafara ilikuwako hata mbele ya Wabelgiji, wakati wa Tippu Tip na biashara ya pembe na watumwa huko Kasongo. Lakini Leta ilifanya kazi ya kubeba kuwa amri. Chifu aliambiwa: leta watu kadhaa. Aliyekataa alipata chikoti ao boloko. Mashamba yalibaki bila mikono, na njaa ikafuata.

Vita ya kwanza ya dunia ilizidisha taabu. Jeshi la Wabelgiji lilipowapiga Wajerumani mpaka kuingia Tabora mwezi wa 9, 1916, nyuma ya askari walikuwa wabebaji zaidi ya 200,000. Wengi hawakurudi, wakauawa na uchovu, njaa na magonjwa.

Wakati huo reli ilikuwa imeanza kufika. Kompani ya CFL iliundwa mwaka 1902, na kazi yake ilikuwa kuruka sehemu za Lualaba ambazo mashua haipiti. Kisangani mpaka Ubundu kuna maporomoko, basi hapo wakajenga reli ya kilometre karibu 125, iliyofunguliwa 1906. Ubundu mpaka Kindu maji ni mazuri, basi unapanda mashua. Kutoka Kindu mpaka Kongolo ni treni tena, kilometre 355, kwa sababu ya mawe ya Portes d'Enfer. Kongolo mpaka Kabalo ilikuwa mashua, halafu treni ya Kabalo mpaka Kalemie, iliyofika kwenye ziwa mwaka 1915.

Ndiyo maana mpaka leo safari ya Kisangani–Kalemie haiwezi kuwa ya treni moja. Daraja la Kongolo liliunganisha Kindu na Kabalo mwaka 1939, lakini kati ya Ubundu na Kindu hakuna reli. Hata upana hauko sawa: reli ya Kisangani ilibaki metre 1, ile ya Kindu na Kalemie ikapanuliwa miaka ya 1950. Kila mahali pa kubadilisha, mzigo unashushwa na kupandishwa kwa mikono.

Je, treni na gari vilimaliza mateso? Vilipunguza kazi ya kubeba, ndiyo. Lakini reli na barabara zenyewe zilijengwa na watu waliolazimishwa, kwa jembe na kitunga. Vijiji vingi vilihamishwa na kuwekwa kando ya barabara, ili wakaaji waitunze. Mtu alishusha kipoyi, akashika jembe.

Tena njia hizo hazikuchorwa kwa ajili ya mama anayepeleka mchele sokoni. Zilichorwa ili mali itoke. Ndiyo sababu zinafuata mto na madini, na sehemu kubwa za mashariki hazikupata hata kilometre moja.

Leo treni ikikosa kupita majuma mengi, mzigo unarudi palepale ulipokuwa: kwenye kinga, mgongoni, juu ya kichwa. Kipoyi imekwisha, lakini mbebaji yuko. Wakaaji wa Ubundu, Kindu ao Kongolo wakiomba reli na barabara zitengenezwe, hawaombi vitu vya matajiri. Wanaomba kutua mzigo ambao babu zao waliubeba kwa lazima.