Siku ya Michezo Si Siku ya Kujificha

Siku ya michezo ya shule ikaribiapo, huzuka magonjwa ambayo hayakuonekana muhula mzima. Mmoja hufunga goti la kulia kwa kitambaa, na asubuhi ya pili kitambaa kimehamia goti la kushoto. Mwingine huleta barua kwamba bibi yake ni mgonjwa sana, na mwandiko wa barua hiyo ni ule ule wa daftari lake. Wa tatu, ambaye huchukia kazi ya mikono mwaka mzima, siku hiyo huomba kwa adabu kubwa aachwe jikoni apasue kuni.

Walimu wengi huwaita watoto hao wavivu. Lakini mtoto akubaliye kupasua kuni tangu asubuhi hata adhuhuri ili asikimbie mita 200, huyo si mvivu. Haogopi mbio, aogopa kicheko. Ajua kwamba atakuwa wa mwisho, na kwamba wazazi wake na wadogo zake watamwona. Hofu hiyo ni ya kweli, wala haiponi kwa fimbo.

Yafaa watoto hao wasimuliwe habari za Julai 1954, wakimbiaji wawili wa Kenya, Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro, waliposhindana White City, London. Chepkwony aliingia katika mbio za maili 6, lakini hakuweza kumaliza. Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya Maiyoro, maili 3. Kama alitaka udhuru, alikuwa nao: yu ugenini, na mwenzake ameshindwa mbele ya umati wa watu. Hata hivyo alikimbia. Waingereza wawili, Fred Green na Chris Chataway, walimaliza mbele yake kwa muda uliovunja rekodi ya dunia, naye akawa wa tatu.

Mwaka 1956 Kenya ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, huko Melbourne, Maiyoro alikuwa wa saba katika mita 5,000. Mwaka 1960, Roma, akawa wa sita. Nishani hakupata. Nishani ya kwanza ya Kenya ililetwa na Wilson Kiprugut, wa tatu katika mita 800 huko Tokyo mwaka 1964. Lakini njia ilikwisha kufunguliwa na watu waliokubali kushindwa hadharani.

Basi walimu na waweke pia mashindano ya kuvuta kamba, ambamo mtoto mzito ni mali kwa wenzake, na wampigie makofi wa mwisho kama wa kwanza. Wazazi nao wasiwe wa kwanza kucheka. Na mtoto akumbuke kwamba aibu ya mita 200 huisha kabla vumbi halijatua, bali aliyejificha hurudi darasani na uongo wake, akiulinda mpaka muhula uishe. Wazee walisema kweli: asiyekubali kushindwa si mshindani.